Muziki wa leseni huria haujawahi kuwa wa bure

Kuna maneno yanazunguka sana siku hizi kwa watu wanaotengeneza filamu kwa hela zao za mfukoni, kwamba muziki wa leseni huria ni mtego. Stori zenyewe zinafanana. Mtu alipakua wimbo umeandikwa Creative Commons, yaani leseni ya wazi inayoruhusu yeyote autumie kwa masharti, akauweka kwenye filamu, akapandisha YouTube, hazijapita siku tatu kaletewa dai la hakimiliki na hela ya matangazo inaenda kwa kampuni ambayo hata jina lake hajawahi kulisikia. Au filamu imebahatika kupata msambazaji, mkataba uko mezani, msambazaji anaomba karatasi za ruhusa ya muziki, karatasi hakuna, kila mtu anamtazama mwenzake. Basi hukumu inatolewa hapo hapo: achaneni na vya bure, lipieni usajili wa maktaba ya muziki, au iambie akili mnemba ikupigie kinanda, yaishe.

Mimi naona hiyo kesi imesomwa kichwa chini miguu juu. Muziki ule haukuwa wa bure hata siku moja. Ulikuwa na bei, ila bei yake hailipwi kwa hela, inalipwa kwa kusoma, kuchagua na kutunza kumbukumbu, na inatakiwa ilipwe kabla hujakata sini ya kwanza, wakati wengi wetu tunakuja kuitafuta filamu ikishaisha na macho yameshachoka. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali yenyewe ni filamu nzima, wimbo ni kitobo tu ambacho mali inapitia.

Turudi nyuma kidogo maana bila hapo hatutaelewana. Kwa hakimiliki ya kawaida kila kitu kimefungwa mpaka mwenyewe akufungulie, na wimbo ukisharekodiwa tu tayari una ulinzi, uwe na alama ya c kwenye duara au usiwe nayo. Kwa filamu kuna ugumu wa ziada kwa sababu ndani ya wimbo mmoja kuna milki mbili: kuna utunzi, yaani melodi na maneno, halafu kuna rekodi yenyewe unayoisikia, na mara nyingi wenyewe ni tofauti, kwa hiyo ukitaka kuuweka chini ya picha unahitaji ruhusa mbili kutoka kwa watu wawili ambao pengine hawajibu simu za mtu asiye na jina. Filamu kubwa zina mtu wa kazi hiyo na fungu lake la bajeti. Wewe una kamera moja, laptop moja na shemeji yako anashika maiki. Shirika la Creative Commons lenyewe walianza 2001, leseni zao za kwanza zikatoka Desemba 2002, na walichofanya ni kitu chepesi sana ukikitazama: walimpa mwanamuziki mkataba ambao upande wake ameshausaini, ameuacha wazi, yeyote anayekubali masharti anauchukua na kuendelea na shughuli zake bila kumpigia mtu simu.

Neno la kushika hapo ni masharti. Herufi zile mbili mbili ndizo zinazobeba kila kitu. BY ni kwamba umtaje mwenyewe. SA ni kwamba kazi utakayotengeneza nayo itoke kwa leseni ile ile. NC ni kwamba usiitumie kibiashara. ND ni kwamba usisambaze kitu ulichokibadilisha. Zikichanganywa zinatoa leseni 6, kisha pembeni yake kuna CC0 iliyokuja 2009, ambayo mwenyewe anaachia kila anachoweza kuachia. Hapo ndipo watu wengi wanaposimama kusoma, wanaona alama ya cc, wanaona inatosha, wanabonyeza kupakua. Ni sawa na mtu anayeambiwa nyumba inapangishwa akahamia bila kuuliza kama anaruhusiwa kukaa na watoto.

Sasa njoo kwenye kifungu ambacho nadhani robo ya ugomvi wote ungeisha kama kingesomwa. Toleo la 4.0 la leseni hizi, lile la Novemba 2013, linasema wazi kwamba muziki ukisinkiwa, yaani ukipangwa uende sambamba, na picha zinazotembea, hapo daima imezaliwa kazi mpya iliyotokana na ule muziki. Toleo la 3.0 nalo lilisema hivyo hivyo kwa maneno yake. Daima, yaani haijalishi hukugusa hata noti moja, haijalishi umeuacha mzima kuanzia sekunde ya kwanza hadi ya mwisho, kitendo cha kuulaza chini ya picha ndicho mabadiliko. Tafsiri yake kwa mtengeneza filamu ni nzito kuliko inavyoonekana. Nyimbo zote zenye ND zimekufa kwako siku hiyo hiyo, huwezi kuzitumia kwenye filamu utakayoonyesha watu, hata uwataje wenyewe kwa herufi kubwa. Na nyimbo zenye SA zinaivuta filamu yako nzima iingie kwenye leseni yao, maana filamu ndiyo hiyo kazi iliyotokana. Nimeona watu wanabisha hapa, eti wimbo ni dakika mbili tu ndani ya filamu ya dakika 80, inawezekanaje mkia umburute ng'ombe. Inawezekana, ndivyo mkataba ulivyoandikwa, na wewe ndiye uliyeuchukua.

SA sio ubaya lakini, na hapa sikubaliani na wale wanaoikimbia kama ukoma. Mfano ninaoupenda ni wa Nina Paley, mchora katuni wa Marekani aliyetengeneza Sita Sings the Blues karibu peke yake na kuitoa 2008. Alitumia rekodi za mwimbaji Annette Hanshaw za mwishoni mwa miaka ya 1920. Rekodi hazikumpa shida, ila utunzi ulikuwa bado una wenyewe, ile habari ya milki mbili niliyosema juu, na mwisho wa mazungumzo ikabidi alipe kama dola 50,000 ili filamu itoke kihalali. Baada ya kupitia moto huo akaitoa filamu yake mwenyewe kwa BY-SA, na 2013 akaisogeza mpaka CC0. Ilizunguka dunia, watu wakaikopi wanavyotaka, na yeye akapata hela kwa michango na kwa kuuza DVD na vitu vingine vinavyoendana nayo. Kwa hiyo filamu ya SA inaweza kuishi. Isichoweza ni kuuzwa kwa msambazaji anayetaka aimiliki peke yake na kuifunga kwa kufuli za kidijitali, maana SA inakataza kuweka kufuli kama hizo juu ya kazi. Ukiwa umeshaamua kwamba filamu yako itatembea yenyewe, SA ni rafiki. Ukiwa bado una ndoto ya kuiuza, usiiguse. Lakini huo ni uamuzi wa dairekta kuhusu maisha ya filamu, na watu wanaufanya saa nane usiku kwa kubonyeza wimbo uliowapendeza.

Hoja dhaifu kuliko zote ninazozisikia ni ya NC. Inakuja hivi: mimi sina faida, filamu nimeitengeneza kwa akiba yangu, hata nauli ya waigizaji nimetoa mfukoni, kwa hiyo mimi sio biashara, NC inaniruhusu. Jamani, leseni haiulizi kama wewe ni maskini. Inauliza matumizi. Maneno yake yanahusu matumizi ambayo hayakulengwa hasa kwenye faida ya kibiashara wala malipo ya fedha, na swali linaelekezwa kwa kitendo, sio kwa mtu aliyekifanya. Kampuni kubwa inaweza kufanya tendo lisilo la kibiashara, na mwanafunzi asiye na senti anaweza kufanya la kibiashara, mfano kukata tiketi mlangoni. Biashara inayopata hasara ni biashara bado. Tena mpaka wenyewe hauko wazi hata kwa mahakimu. Huko Cologne, Ujerumani, mwaka 2014, redio ya umma ilishitakiwa kwa kutumia picha yenye NC kwenye tovuti yake, mahakama ya kwanza ikasema NC maana yake ni matumizi binafsi tu, ya rufaa ikaikataa hiyo tafsiri. Kinachochekesha ni kwamba redio ilipona kwenye NC ikanasa kwingine kabisa, walikuwa wameikata picha pembeni na jina la mpiga picha likaondoka na kipande. Yaani wamepigana vita ya herufi ngumu wakaangushwa na BY, ile nyepesi ambayo kila mtu anadhani anaijua.

Na tuseme hata una haki, tuseme leo kweli huuzi chochote, unapeleka kwenye matamasha mawili matatu watu waione. Filamu haikai leo. Tamasha linaweza kuzaa mnunuzi, na mnunuzi akija, ule wimbo wa NC uliokuwa halali jana unahitaji ruhusa mpya kesho. Unamwandikia mwanamuziki ukiwa katika hali gani? Picha imeshafungwa, sauti imeshachanganywa, wimbo uko kwenye sini ya mwisho ambayo kila aliyeiona ameisifia, na yeye akikuuliza filamu imenunuliwa kiasi gani huna pa kuficha uso. Hapo unajadili bei umeshikwa koo. Simlaumu mwanamuziki akipandisha, hata mimi ningepandisha.

Sasa madai ya YouTube, maana hayo ndiyo yanayowatia watu homa zaidi. Mfumo wa Content ID umekuwepo tangu 2007 na kazi yake ni kulinganisha sauti ya video yako na maktaba ya sauti ambazo watu wamesajili kuwa ni zao. Haijui kusoma leseni. Haina mahali pa kuangalia kwamba huyu alipewa ruhusa. Kwa hiyo dai likija, lenyewe kama lenyewe halithibitishi kwamba umekosea, linathibitisha tu kwamba mahali fulani kuna mtu kasajili sauti inayofanana. Filamu fupi ya Sintel, ambayo Blender Foundation, shirika la programu ya katuni ya Blender, wenyewe waliitoa 2010 kwa leseni huria, ilizuiwa YouTube mwaka 2014 kwa dai lililotoka Sony, wakati filamu sio ya Sony na kila mtu aliruhusiwa kuionyesha. Kama yule aliyeitengeneza aliweza kupigwa na mashine, wewe unadhani utaponaje kwa kubahatisha?

Lakini madai hayafanani na ndio maana ushauri wa jumla jumla haufai. Kuna dai linalotokea kwa sababu mwanamuziki mwenyewe alitoa wimbo kwa BY miaka ile, baadaye akaupeleka kwa kampuni ya kusambaza muziki, kwenye fomu kulikuwa na kisanduku cha Content ID akakitiki bila kufikiri, sasa mashine inamkamatia hata watu aliowaruhusu. Kuna dai linalotokea kwa sababu mtu wa tatu alichukua ile biti ya wazi, akaimba juu yake, akasajili wimbo wake mzima, na wewe uliyetumia biti ileile unaonekana umemuibia. Kanuni za YouTube zenyewe zinasema anayesajili sauti awe na haki za peke yake, kwa hiyo hao wote wawili hawakutakiwa kusajili, na ukipinga dai kwa ushahidi mwenye dai ana siku 30 za kujibu. Kero, ndiyo, lakini inatatulika. Ila lipo dai la aina nyingine, na hili ndilo la kuogopa: aliyepandisha wimbo na kubandika alama ya cc hakuwa mwenyewe. Alichukua wimbo wa mtu, au ndani yake aliweka sampuli ya wimbo wa mtu. Leseni aliyokupa mwizi ni hewa, na Creative Commons wanasema wazi kazi inatolewa kama ilivyo, hakuna anayekuhakikishia lolote. Hapo hata ukiwa na skrinishoti mia hupati kitu, utabaki na ushahidi mzuri sana kwamba ulidanganywa.

Kitu kinachofanana na hicho, na watu hawakisemi, ni vyama vya kukusanya mirabaha. Nchi nyingi mwanamuziki akijiunga na chama anakabidhi haki zake kwa chama peke yake, sasa akija kuweka alama ya cc kwenye wimbo anagawa kitu ambacho hakiko tena mikononi mwake, na wala hajui, anaona ni wimbo wake si kaupiga mwenyewe. Marekani vyama vya ASCAP na BMI hawachukui haki kwa upekee hivyo, na Ulaya ipo direktivu, yaani agizo la Umoja wa Ulaya, ya 2014 inayompa mwanachama uhuru wa kutoa leseni kwa matumizi yasiyo ya kibiashara, kwa hiyo jibu linategemea mwanamuziki yuko wapi. Swali la kumuuliza ni fupi tu, uko kwenye chama chochote, na anayekujibu hilo kwa maandishi amekupa kitu cha thamani kuliko alama yoyote kwenye ukurasa.

Ninayo stori moja tu ya kwangu hapa na nitaifanya fupi. Nilikuwa namsaidia rafiki kumaliza filamu ya dakika 22, kulikuwa na sini mlango unafungwa na ngoma inaingia palepale, tulikata fremu kwa fremu mpaka ikakaa. Muda wa kuandaa karatasi ulipofika tukaenda kutafuta ukurasa wa wimbo, haupo. Akaunti imefutwa. Kwenye kompyuta tulikuwa na faili la MP3 linaloitwa track07 mwisho na herufi za ajabu. Leseni zenyewe hazifutiki, mtu akishakupa hawezi kukunyang'anya hata akibadilisha mawazo, lakini nani atakuamini kwamba alikupa? Tukautoa. Ule mlango ukabaki unafungwa kimya na tukajifanya ndivyo tulivyotaka.

Hoja za upande wa pili zenye uzito zipo, na sitaki kujifanya sizioni. Ya kwanza ni kwamba nyimbo hizi zimechoka. Ni kweli. Zile zilizo rahisi kupatikana na zenye leseni nyepesi zimetumika kwenye video za mapishi, za mazoezi, za matangazo ya shule, mpaka mtazamaji akisikia gitaa lile la kuchekacheka anategemea kuambiwa abonyeze kengele. Sini yako ya msiba haiwezi kusimama juu yake. Dawa ya hili ni kuchimba, na kuchimba ni masaa, lakini pia ni kukumbuka kwamba leseni isiyo na ND inakuruhusu kuuvunja wimbo: punguza mwendo, toa ngoma, chukua besi peke yake, rudisha nyuma, fanya usitambulike, kisha useme kwenye maandishi kwamba umeubadilisha. Watu wanaichukua haki kubwa kuliko ile wanayoipata kwenye maktaba za kulipia halafu wanaitumia kama kanda iliyofungwa.

Ya pili ni ubora wa faili, hii inajadiliwa kidogo na inauma zaidi. Sauti ya filamu kawaida inakwenda kwa 48 kHz, yaani vipimo 48,000 vya sauti kwa sekunde, na ulichopakua mara nyingi ni MP3 ya 44.1 iliyobanwa. Kwenye spika za laptop husikii tofauti. Ipeleke kwenye ukumbi, sauti ikaachiwa, utasikia matasa, vile visahani vya ngoma, yanachemka kama maji jikoni na sauti ya mwimbaji ina ukungu. Na mara chache sana utapata vyombo vimetenganishwa, kwa hiyo mtu akiongea juu ya muziki huna namna ya kushusha filimbi tu inayogombana na sauti yake, unashusha wimbo mzima na sini inalegea. Hapo anayekwambia tafuta mtunzi wako mwenyewe ana hoja ya kweli kabisa, ningeongeza tu kwamba mwanamuziki wa leseni huria ni mtu, ana barua pepe, na ukimwandikia kwa heshima ukamweleza sini ilivyo anaweza kukupa WAV, faili lisilobanwa, na hata tabaka tabaka za wimbo, maana wengi wao hakuna aliyewahi kuwauliza kitu.

Ya tatu ni ile ya kwamba tunawaua watunzi kwa kuzoesha watu muziki usiolipiwa. Hii naigawa mara mbili. Ni kweli pale ambapo prodyuza ana bajeti ya kukodi droni siku tatu halafu kwenye muziki anasema tutatafuta cha bure. Huyo hana udhuru. Lakini mtu ambaye bajeti yake ya muziki ni sifuri hakuwa anakwenda kumlipa mtunzi yeyote, alikuwa anakwenda kuiba wimbo maarufu au kuacha kimya. Na mwanamuziki aliyeweka BY aliweka kwa kujua, wengine wanapata kazi za kulipwa kwa sababu jina lao limesomwa mwisho wa filamu ndogo. Ndiyo maana kutokumtaja, au kumtaja kwa herufi ndogo zinazopita sekunde moja, ni wizi wa malipo yake pekee aliyoyaomba.

Kuhusu zile nyimbo za kale nitasema kidogo tu. Bach alifariki 1750 na utunzi wake hauna mwenyewe, ila orkesta iliyoupiga mwaka juzi ina rekodi yake na inaweza kukudai. Ndiyo maana kazi kama ya mpiga piano Kimiko Ishizaka, aliyeirekodi Goldberg Variations ya Bach na kuitoa kwa CC0 mwaka 2012, ni hazina: pande zote mbili ziko wazi. Na kwa Marekani, kutokana na sheria ya 2018, rekodi zote zilizotoka kabla ya 1923 zilifunguka tarehe 1 Januari 2022, kwa Marekani lakini, kwingine hesabu ni nyingine.

Sasa hawa wanaokimbilia kwingine, wanakimbilia wapi? Maktaba ya usajili ni mkataba pia, ina vifungu vyake vya usajili ukiisha inakuwaje, inaruhusu sinema au mtandao tu, nchi gani na gani, na anayedhani kulipa kwa mwezi kumemwondolea kazi ya kusoma hajausoma. Muziki wa akili mnemba ndio unaonishangaza zaidi kuuona unaitwa njia salama. Juni 2024 kampuni kubwa za rekodi ziliwashitaki Suno na Udio, kampuni zinazotengeneza muziki kwa akili mnemba, kwa madai ya kufundisha mashine zao kwa nyimbo zisizoruhusiwa, na baadhi ya kesi zimeshamalizwa kwa makubaliano. Halafu huko Marekani mahakama ya rufaa ilisema Machi 2025 kwamba kazi iliyotungwa na mashine peke yake haina hakimiliki, inahitaji binadamu. Unganisha hayo mawili: una wimbo ambao hujui ulitokana na nini, na ambao wewe mwenyewe huwezi kumzuia jirani yako asiuchukue. Tena zimeanza kupandishwa kwenye kurasa za muziki huria zikiwa na alama ya BY, kana kwamba kuna mtu wa kumtaja. Msambazaji anayeuliza nani mwenye muziki huu anataka jina la mtu aliyeweza kusema ndiyo, na kwa wimbo wa leseni huria uliochukuliwa vizuri jina hilo lipo.

Uliochukuliwa vizuri, maana yake kiutendaji ni nini? Ni kwamba siku ile ile unapopakua, kabla wimbo haujaingia kwenye taimulaini, unapiga skrinishoti ya ukurasa mzima anwani na tarehe zionekane, unahifadhi linki ya leseni na toleo lake maana 3.0 na 4.0 sio ndugu wa damu. Kwa 4.0 ukikosea ukarekebisha ndani ya siku 30 tangu ugundue, haki zako zinarudi zenyewe, kwa 3.0 ukikosea leseni imekufa na hakuna kifungu cha kuifufua, na nyimbo za 3.0 bado zimejaa. Unaandika jina la wimbo, la mwanamuziki, ulikoutoa, sekunde ngapi umetumia na umeubadilisha vipi, hiyo orodha ndiyo msambazaji atakuja kuidai na ndiyo mtu wa bima ya makosa na mapungufu, ile inayoilinda filamu ikidaiwa haki za watu, ataitaka kabla hajasaini. Unamwandikia mwanamuziki mistari mitatu. Na usisahau trela. Trela ni kazi nyingine, ina dakika moja na nusu, haina majina mwishoni, na ndiyo watu wengi wataiona kuliko filamu, sasa wimbo wa BY ukiwa ndani yake jina la mwenyewe linakaa wapi? Kwenye maelezo chini ya video, sawa, leseni inakubali namna yoyote yenye busara, lakini trela ikichezwa kwenye ukumbi hakuna maelezo chini, kwa hiyo ama unatia mstari mmoja kwenye kadi ya mwisho ama unaweka CC0.

Kama hujui filamu yako itaishia wapi, na wengi hatujui, kaa kwenye BY na CC0. Ukipenda wimbo wa NC kiasi cha kushindwa kulala, mwandikie mwenyewe sasa hivi wakati filamu haina thamani yoyote, mkubaliane kwa maandishi kwamba ikiuzwa atalipwa kiasi fulani au asilimia fulani. Wakati huo wote wawili hamna cha kugombania na barua inakwisha kwa siku moja. Akikataa, bado una mlango unaofungwa na hujakata fremu hata moja juu ya ngoma yake.